Kabla ya kukupasua kibofu naangalia kwanza mikono yako

Mkiniletea ndugu aliyevunjika uti wa mgongo, kapata ajali ya bodaboda au kaanguka mnazini, mnaniuliza dokta atatembea lini. Mimi nauliza mkojo unatokaje. Kibofu kikishakatika mawasiliano na ubongo kinajikaza hovyo huku mlango wake umejifunga, presha ya ndani ikizoea kuvuka sentimita 40 za maji (ndicho kipimo chetu cha presha ya kibofu) mkojo unarudi juu na figo zinakufa kimyakimya, mgonjwa wala hasikii maumivu.

Tiba ya kwanza sio kisu. Ni kujitoa mkojo kwa mpira msafi (katheta) kila saa 4 hadi 6, unauingiza kwenye njia ya mkojo, unamwaga, unautoa, njia aliyoitangaza daktari Lapides kule Marekani 1972. Ila kuna dada yuko kwenye wheelchair, kila akitaka kujitoa lazima abebwe, alazwe, avuliwe nguo, sasa kazini atafanyaje? Kama mikono yake ni mizima huyu namshauri operesheni ya Mitrofanoff, jina la daktari Mfaransa aliyeiandika 1980. Tunachukua kidole tumbo tunakifanya njia, huku kimeshonwa kibofuni, huku kinatokea kitovuni, anabaki kwenye kiti chake anafunua blauzi anapitisha mpira basi. Kibofu kikiwa kidogo na kigumu tunakiongezea kipande cha utumbo mwembamba, lakini utumbo hata ukihamia kibofuni bado unatoa ute, kwa hiyo atakuwa anakisuuza maisha yake yote, akizembea mawe hayo. Na ni operesheni kubwa, masaa kadhaa kwenye nusu kaputi.

Ambaye vidole havishiki kitu simpeleki huko. Yeye namtoboa tundu dogo juu ya kinena, mpira unakaa hapo, tunaubadilisha kama kila wiki 4 hadi 6. Mpira unaoachwa kwenye njia ya kawaida ya mkojo ukikaa miaka unakata, nimeshaona uume umechanika upande wa chini na mwenyewe hana habari, inaniuma sana kwa sababu ilizuilika.

Halafu nyie mnaomuuguza nyumbani, aliyeumia shingo au mgongo wa juu akianza ghafla kichwa kugonga, uso mwekundu, jasho linamtoka, msikimbilie panadol. Mkalisheni wima, angalieni mpira umejikunja wapi au umeziba. Presha ya damu hapo inaweza kumpasua mshipa wa ubongo, na mara nyingi ukiunyoosha tu mkojo unatoka na presha inashuka palepale. Usipotoka, hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku.