Mkutubi, takwimu za vitabu vilivyoazimwa hazitakutetea

Bajeti ikibanwa, maktaba haikawii kuguswa. Wakutubi wengi hujitetea kwa takwimu tulizozoea: vitabu vilivyoazimwa, watu walioingia, saa tulizofungua. Ni takwimu za kweli, lakini hazimjibu mwenye fedha anayetaka kujua kitaharibika nini huduma hii ikiondolewa.

Utafiti ninaoutegemea zaidi ni wa Joanne Marshall, uliochapishwa mwaka 1992, kuhusu hospitali za eneo la Rochester, Marekani. Madaktari waliombwa kutafuta taarifa maktabani kuhusu mgonjwa waliyekuwa wakimhudumia, kisha waeleze ilibadilisha nini. Takriban asilimia 80 walisema kuna jambo katika matibabu walilolifanya, au yamkini walilifanya, tofauti. Wapo waliobadilisha vipimo au dawa, na wapo waliosema mgonjwa aliepushwa na upasuaji. Marshall hakuwauliza kama wanaipenda maktaba. Aliwauliza walichofanya baada ya kupata jibu.

Sisi nasi tunaweza kuuliza hivyo kwenye dawati lolote la marejeo, pale wasomaji wanapoleta maswali yao. Katika daftari la maswali naandika msomaji alitaka nini na nilimpa nini, kisha namrudia baada ya siku chache kumuuliza alikitumiaje. Jina lake siliandiki kamwe, kwa kuwa siri ya msomaji si ya kuuzia bajeti.

Chukua muuguzi anayeulizia kipimo cha dawa kwa mtoto mchanga mwenye matatizo ya figo. Mtandaoni majibu ni tele, na yanapingana. Mkutubi anaingia kwenye kanzidata ya tiba, anachuja kwa umri na hali ya figo, anahakiki mwongozo ulihuishwa lini, ndipo anamkabidhi. Katika ripoti ya mwezi kazi yote hiyo inasomeka “swali 1”. Hapo ndipo tunapojipunja wenyewe.

Kwa majarida ya kielektroniki wengi hugawanya ada ya usajili kwa idadi ya makala zilizopakuliwa. Hesabu hiyo inafaa kuchagua jarida la kusitisha, ingawa huzionea fani zenye wasomaji wachache. Haisemi lolote kuhusu anayekaa mezani na wachapishaji. Chuo Kikuu cha California kilipoachana na Elsevier, mchapishaji wa majarida ya kitaaluma, mwaka 2019, hadi kupata mkataba mpya mwaka 2021, wakutubi walikuwa mstari wa mbele katika majadiliano. Kazi ya namna hiyo iandikwe kwenye ripoti kwa thamani yake ya fedha.

Wenzetu wa maktaba za umma wana pia Ilani ya IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba) na UNESCO, iliyohuishwa mwaka 2022, inayosema maktaba hizo ni jukumu la serikali kuzigharimia. Itajeni, ila msiitegemee peke yake.

Zaidi ya yote, wahini mapema. Makadirio yakishapitishwa, ripoti nzuri kiasi gani haitarudisha fungu lililokatwa. Na kwenye kikao, yule daktari au mwalimu aliyesaidiwa aombwe aseme mwenyewe, kwa kuwa yeye hatetei ajira yake.