Kibana haionyeshi kitu? Iulize Elasticsearch kwanza

Mtu akiniita nimsaidie kusimamisha Kibana, programu ya kuchora chati na dashibodi za data iliyo ndani ya Elasticsearch, mara nyingi namkuta amekodolea macho kivinjari. Katikati ya ukurasa mweupe kuna mstari mmoja: "Kibana server is not ready yet". Ameshaupakia upya ukurasa mara ishirini, ameizima seva na kuiwasha tena, na sasa anafikiria kufuta kila kitu aanze upya. Namwomba afunge kivinjari tufungue terminali, dirisha la kuandikia amri, maana ugonjwa wenyewe hauko pale anapotazama.

Kibana haina data yake. Elasticsearch, injini ya utafutaji iliyojengwa juu ya maktaba ya programu iitwayo Lucene na kutoka kwa mara ya kwanza mwaka 2010, ndiyo inayopokea nyaraka za JSON (maandishi ya data yaliyopangwa kwa jina na thamani), kuzipanga kwenye indeksi, yaani makundi ya nyaraka, na kujibu maswali kupitia poti 9200, mlango wake wa mtandao. Kibana ni programu ya pembeni inayosikiliza poti 5601. Ukiburuta safu kwenye chati, inakuandikia swali, inalipeleka 9200, inapokea namba na kuzichora. Hata dashibodi ulizozihangaikia wiki nzima hazikai ndani ya Kibana, zinakaa kwenye indeksi za mfumo ambazo majina yake huanza na .kibana, huko huko Elasticsearch. Unaweza kuifuta Kibana leo, ukaisakinisha kesho kwenye mashine nyingine, ukaielekeza kwenye klasta (kundi la seva za Elasticsearch) ile ile na ukakuta dashibodi zako zote ziko salama. Ukiifuta klasta, zimekwenda nayo.

Ndiyo maana sigusi Kibana kabla ya kupata jibu la amri hii:

curl --cacert http_ca.crt -u elastic https://localhost:9200

Faili la http_ca.crt liko kwenye folda ya certs, ndani ya folda ya usanidi ya Elasticsearch. Amri itakuuliza neno la siri, kisha ikileta kipande cha JSON chenye jina la klasta, namba ya toleo na ule utani wao wa mwisho, "You Know, for Search", injini iko hai. Isipoleta hivyo, hakuna utakachobadilisha kwenye Kibana kitakachosaidia. Namba ya toleo iandike mahali: Kibana iwe toleo hilo hilo. Kibana iliyo mbele ya Elasticsearch haifanyi kazi, ila Elasticsearch ikitangulia kidogo ndani ya toleo kuu moja, Kibana hulalamika tu kwenye logi, yaani faili la taarifa zake, na kuendelea. Kwa hiyo siku ya kupandisha toleo, Elasticsearch hutangulia.

Sasa tufike panapowatoa watu jasho. Tangu toleo la 8.0 la Februari 2022, Elasticsearch huwaka ikiwa tayari na ulinzi: maneno ya siri, vyeti, mawasiliano kwa https. Mafunzo mengi yaliyobaki mtandaoni ni ya zamani, enzi ambapo uliwasha tu na kila kitu kikawa wazi kwa yeyote. Mtu anafuata hatua za zamani kwenye toleo jipya na anakwama bila kujua kwa nini.

Njia rahisi ya kuiunganisha Kibana ni tokeni ya kujiandikisha, msimbo mrefu wa muda mfupi. Unaitengeneza upande wa Elasticsearch:

bin/elasticsearch-create-enrollment-token -s kibana

Unafungua poti 5601 kwenye kivinjari, unaibandika, Kibana inakuuliza namba sita za uthibitisho, unazichukua kwenye logi zake au kwa amri ya bin/kibana-verification-code, basi. Tokeni huishi dakika 30 tu. Ukienda kula ukarudi, tengeneza nyingine.

Mimi napendelea kuandika mwenyewe kwenye kibana.yml, faili la usanidi la Kibana, kwa sababu siku ikiharibika nataka niwe najua kila mstari umetoka wapi:

elasticsearch.hosts: ["https://localhost:9200"]
elasticsearch.username: "kibana_system"
elasticsearch.password: "..."
elasticsearch.ssl.certificateAuthorities: ["/njia/ya/http_ca.crt"]

Mtumiaji ni kibana_system, si elastic, yule msimamizi mkuu. Watu huweka elastic kwa kuwa ndilo neno la siri walilo nalo mkononi, na Kibana ya toleo la 8 hukataa kabisa kuwaka. Neno la siri la kibana_system unalipata kwa bin/elasticsearch-reset-password -u kibana_system. Na kwa kuwa faili ni la YAML, usitumie kitufe cha Tab, weka nafasi za kawaida.

Tazama vizuri ile s kwenye https. Iliwahi kunila mchana mzima. Logi za Kibana zilikuwa zinarudia kwamba haiwezi kupata toleo la Elasticsearch, na mwisho wa sentensi maneno mawili, "socket hang up". Nikahangaika na ngome ya mtandao (firewall), nikafungua poti, nikafunga poti. Jioni ndipo nilipofungua logi za upande wa pili, nikakuta Elasticsearch imekuwa ikiniambia tangu asubuhi: "received plaintext http traffic on an https channel". Yaani inabishiwa hodi kwa http kwenye mlango wa https, nayo inakata simu. Herufi moja. Tangu siku hiyo nafungua madirisha mawili ya terminali kabla ya lolote, logi za huku na logi za kule, zikienda sambamba.

Kama unatumia kontena, yaani kuendesha kila programu ndani ya boksi lake kama kwa Docker, kuna mtego mwingine. Ndani ya kontena la Kibana, localhost ni kontena lenyewe, si mashine yako. Weka jina la kontena au la huduma ya Elasticsearch badala yake.

Haya, umeingia. Kivinjari kinaonyesha menyu, na bado hakuna data. Inabidi kwanza uunde mwonekano wa data (data view), kile ambacho kabla ya toleo la 8 kiliitwa ruwaza ya indeksi (index pattern): unaiambia Kibana indeksi zipi izitazame, kwa mfano logi-*, na sehemu (field) ipi ya nyaraka ndiyo muda. Kisha unaenda Discover, ukurasa wa kupekua data, na unakuta mtupu. Usitishike, angalia kona ya juu kulia. Kibana huanza na dakika 15 zilizopita. Data yako ya mwezi uliopita ipo, wewe ndiye unayetazama robo saa. Ongeza kipindi.

Muda una kisa chake kingine. Elasticsearch huhifadhi tarehe kwa UTC, saa ya kimataifa, na Kibana huzionyesha kwa saa za kivinjari chako. Ikiwa programu yako inaandika saa za hapo ilipo bila kutaja ukanda, Elasticsearch huzichukua kama UTC, na kila tukio linahama kwa saa kadhaa. Kama uko mashariki ya UTC, matukio ya sasa hivi yanaangukia wakati ujao na hayaonekani kabisa mpaka saa hizo zipite. Rekebisha kwa anayeandika logi, usiguse mpangilio wa saa wa Kibana ili "ifanane".

Kisha utataka chati ya makosa kwa kila ukurasa, na ile sehemu unayoitaka haimo kwenye orodha. Hapo swali ni namna indeksi ilivyoihifadhi. Sehemu ya aina ya text hukatwakatwa kuwa maneno ili itafutike, kwa hiyo haifai kupanga makundi. Aina ya keyword huhifadhiwa nzima kama ilivyo, na hiyo ndiyo chati inayoihitaji. Ukiiachia Elasticsearch ibuni aina yenyewe, maandishi huhifadhiwa kwa namna zote mbili, na utaikuta yenye mkia wa .keyword. Mkia huo huacha kando maandishi yanayozidi herufi 256, jambo unaloligundua pale URL ndefu zinapokosekana kwenye chati. Namba zilizoingia kama maandishi ni taabu zaidi: hazijumlishiki, na aina ya sehemu iliyokwisha kuundwa haibadiliki. Unaunda indeksi nyingine yenye aina sahihi, unahamishia data. Nafuu kutangaza aina mapema, hasa kwa tarehe na namba.

Nikikabidhi dashibodi huwa nasema jambo moja kwa mdomo, maana halionekani kwenye chati: hesabu ya vitu vya kipekee, kama idadi ya wageni tofauti, ni makadirio. Kwa kawaida huwa karibu sana na ukweli hadi kama 3,000, juu ya hapo kosa dogo huingia. Unaweza kupandisha kiwango hicho hadi 40,000 kwa kutumia kumbukumbu (RAM) zaidi. Mhasibu akilinganisha namba hiyo na ya hifadhidata yake, zitapishana, na lawama itakuangukia wewe.

Nilishaitwa mara moja kwa dashibodi iliyokuwa ikienda vizuri miezi kadhaa, kisha usiku mmoja mistari yote ikaanguka hadi sifuri kwa dakika ile ile. Wenyewe walidhani Kibana imekufa. Nikajaribu kuhifadhi chati ndogo ya majaribio, ikakataa kuhifadhika, na hapo nikajua pa kwenda. Diski ilikuwa imepita asilimia 95, kiwango ambacho Elasticsearch hufunga uandishi kwenye indeksi zilizo kwenye nodi hiyo, yaani seva hiyo ya klasta, zikiwemo zile za .kibana. Tulifuta indeksi za logi kuukuu, nafasi ikarudi, kufuli likajifungua lenyewe, na mistari ikaanza kupanda tena bila mtu kugusa Kibana.