"Mashine haijakamuliwa": wanayosema vibandani Tanga, na ukweli wake

Ukipita vibanda vya gemu vya Ngamiani, hukosi mtu anayeapa kwamba mpaka leo hakuna aliyeikamua PlayStation 2 hata nusu ya nguvu zake.

Dhana: Kuna asilimia ya nguvu iliyobaki.
Nguvu ya mashine haipimwi kama maji ya tangi. Gemu ya picha 60 kwa sekunde ina milisekunde 16.7 za kuandaa kila picha. Ya picha 30 ina 33.3. Sehemu moja ikichelewa, nyingine zinakaa kuisubiri. PlayStation 2 ilikuwa na vitengo viwili vya hesabu, VU0 na VU1. VU1 ilipelekea kazi chipu ya picha moja kwa moja, kwa hiyo ilitumika sana. VU0 ilikaa bure katika gemu nyingi za mwanzo, maana kuipa kazi kulitaka mtu aandike kodi (maagizo ya kompyuta) ngumu kwa mkono. Na wakati huohuo kumbukumbu imejaa pomoni: megabaiti 32 za kumbukumbu kuu, na 4 tu kwenye chipu ya picha. Sasa hapo utasema imetumika asilimia ngapi?

PlayStation 3 ilizidisha ugumu. Gemu ilipewa vitengo sita vya hesabu vya pembeni, kila kimoja na kilobaiti 256 tu za kwake, na data lazima ikatwe vipande ndipo iingizwe. Watengenezaji waliovimudu walivihamishia hata kazi za chipu ya picha: God of War III ya 2010 ililainisha kingo za picha humo. Haikufunguliwa nguvu yoyote iliyofichwa. Kazi iligawanywa vizuri zaidi.

Dhana: Gemu ya mwisho ndiyo iliyokamua.
FIFA 14, moja ya gemu za mwisho za PlayStation 2, ilitoka mwaka 2013, ikabadilisha zaidi vikosi na jezi. Pesa na mafundi walishahamia mashine mpya.

Dhana: Feni ikinguruma, gemu imemaliza nguvu.
Gemu nyingine hupiga kelele kwenye menyu tu, kwa sababu idadi ya picha haikuwekewa kikomo na chipu inachora ukurasa uleule mfululizo. Ila kama gemu ileile, sehemu ileile, zamani ilikuwa kimya, shuku vumbi. Na unyevu wa pwani huligandisha. Zima kabisa, chomoa waya, iache ipoe. Puliza matundu kwa hewa kavu, huku umezuia feni kwa kijiti cha plastiki isizunguke. Kelele zikibaki, mpe fundi abadilishe pesti ya kupitisha joto la chipu.