PSA iko chini, mbona mgonjwa anazidi kudhoofika?

Familia nyingi zinazomuuguza mzee mwenye saratani ya tezi dume huishi kwa namba moja: PSA, kipimo cha damu kinachofuatilia ugonjwa huo. Ikishuka, nyumba nzima inapumua. Mara nyingi wana haki ya kufurahi, lakini kuna hali moja ambayo namba hiyo hudanganya, na ni lazima ijulikane mapema.

Seli za tezi dume hutegemea testosteroni, homoni ya kiume. Daktari Charles Huggins, akiwa Chicago, alionyesha mwaka 1941 kwamba homoni hiyo ikikatwa, saratani iliyosambaa hunywea, na mwaka 1966 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Sindano za homoni, upasuaji wa kuondoa korodani, vidonge vya abiraterone na enzalutamide, vyote vinafuata njia hiyo hadi leo. PSA nayo ni protini inayotengenezwa na seli hizo kwa amri ya homoni hiyo hiyo.

Sasa, baadhi ya seli zikibanwa na dawa kwa muda mrefu huacha kabisa kuwa seli za tezi dume. Karibu kila seli ya mwili hubeba jeni zote, ila husoma zile tu zinazohusu kazi yake. Seli hizi huanza kusoma kurasa nyingine: zinafanana na seli za neuroendokrini, jamaa wa seli za neva. Hazihitaji testosteroni tena wala hazitengenezi PSA ya maana. Mara nyingi zimeshapoteza jeni mbili za ulinzi, TP53 na RB1; majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa zikipotea zote mbili, seli hubadilika kwa urahisi zaidi na kuikwepa dawa. Mabadiliko ya aina hii huonekana pia kwenye baadhi ya saratani za mapafu zinazotibiwa kwa vidonge vya kuzuia EGFR, protini inayochochea seli kukua.

Si jambo la nadra sana. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 uliwapima upya wanaume ambao saratani yao ilikuwa imesambaa na imeshindikana kwa homoni, ukaikuta hali hii kwa takribani asilimia 17.

Kwa hiyo, mgonjwa akikonda, maumivu ya mifupa yakizidi, au uvimbe ukijitokeza kwenye ini huku PSA ikiwa tulivu, msisubiri namba ipande. Ombeni picha ya CT, na muulize daktari kama kipande kipya cha uvimbe kinaweza kuchukuliwa na kupimwa (biopsi), maana kile cha miaka iliyopita kinaeleza ugonjwa wa wakati ule. Majibu yakithibitisha mabadiliko, dripu za kemotherapia, yaani cisplatin au carboplatin pamoja na etoposide, huweza kuupunguza uvimbe haraka, ingawa nafuu hiyo mara nyingi haidumu. Ndiyo maana wiki chache za kuchelewa zina uzito. Nendeni na ripoti ya zamani ya patholojia ili ilinganishwe na mpya. Sindano za homoni zisiachwe bila kauli ya daktari, kwa sababu katika mwili huo huo huenda bado zipo seli zinazozitii.