Mtoto anahara kituoni? Siyo meno, mama

Nahudumia watoto wa chini ya miaka mitano kliniki, na maswali haya huletwa na wazazi wenye watoto kwenye vituo vya kulelea mchana. Wengi huja wamechelewa.

Kuhara ni nini?
Choo cha majimaji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24. Kichanga anayenyonya huwa na choo laini, hiyo ni kawaida yake.

Wangu ana miezi 8, anaota meno. Si ndiyo sababu?
Hapana. Meno hayaharishi. Umri wa kuota meno ndio umri wa kutambaa na kutia kila kitu mdomoni. Mdoli aliomung'unya mwenzake, naye anaumung'unya.

Bibi yake anasema ni meno ya plastiki, akang'olewe.
Hapana tena. Hayo mnayoyaita ya plastiki ni meno ya kawaida ambayo hayajatoka. Mtoto anachimbwa fizi, anavuja damu, anapata vidonda, na kuhara kuko palepale. Nimeshampokea mtoto wa namna hiyo, macho yamezama, siku ya nne! Bibi tunamheshimu, ila mtoto aje kliniki.

Kwa nini kituoni wanaumwa kwa pamoja?
Kwa sababu kinyesi cha mmoja kimefika mdomoni mwa mwingine. Samahani, sina lugha laini zaidi. Watoto 20 wananawa kwenye beseni moja kabla ya uji. Wa mwisho ananawia uchafu wa wote waliomtangulia, kisha wanafutwa kwa taulo lilelile. Dada anabadilisha nepi, anajifuta kwenye kanga, anarudi kukoroga uji. Virusi vya rota, vinavyoharisha watoto, havihitaji mwaliko mkubwa kuliko huo.

Wekeni ndoo yenye koki, maji yatiririke. Kipande cha sabuni ya mche kinatosha, hakuna anayedai sabuni ya kunukia. Nepi zibadilishwe mbali na jiko. Poti lisisuuzwe kwenye beseni la vyombo (nimeliona kwa macho yangu), lioshwe kwa sabuni kisha dawa ya klorini. Dada akihara, asipike.

Vitakasa mikono je?
Havitoi kinyesi mikononi, na baadhi ya virusi vya kuharisha havivijali. Maji na sabuni.

Nimpe Flajili asubuhi, nimpeleke, niwahi kazini?
Usimpeleke. Akae nyumbani mpaka zipite saa 48 tangu choo cha mwisho cha majimaji. Najua bosi haelewi, lakini unawapelekea ugonjwa watoto wa wenzio. Na Flajili ni dawa ya bakteria na vimelea, haiui virusi.

Nyumbani nimpe nini?
ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Soma pakiti, nyingi ni za lita 1 ya maji salama. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Wa chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100 kila akihara, kidogokidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, uendelee. Vidonge vya zinki siku 10 hadi 14, hata choo kikiwa kimekaza. Anyonye, ale. Kumnyima maji eti "atahara zaidi" ndiko kunakomkausha.

Kuna chanjo?
Ya rota ipo, ya matone, inaanza wiki ya 6. Angalia kadi yake leo, maana ukichelewa sana umri wake unapita.

Nimkimbize lini?
Macho yakizama, akilia bila machozi, akikojoa kidogo, akilegea, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, au choo kikiwa na damu. Finya ngozi ya tumbo: ikirudi polepole, ondoka. Usiku huohuo, huku ukimnywesha ORS njiani.

Na kama jino kweli linachomoza?
Basi anaota jino na anahara. Mlete.