Mgongo Ulioinama Si Lazima Utiwe Vyuma

Wiki hii, kwa mara nyingine, kijana ameniwekea mezani bahasha ya picha za MRI za mgongo wa baba yake na kuniuliza, hata mzee hajaketi, ni lini vyuma vitawekwa ili mgongo unyooke. Mzee alikuwa bado mlangoni, kiwiliwili kimeinama mbele, mikono yote miwili imeshika mgongo wa kiti. Nilimwamkia, nikamwomba asimame wima. Akasimama vizuri kabisa, kidevu juu, kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Kisha mapaja yakaanza kuwaka, akainama tena. Muda huo mfupi ulinieleza jambo ambalo halikuwamo ndani ya bahasha.

Mfereji wa uti wa mgongo, yaani njia ya mishipa ya fahamu ndani ya pingili, ukiwa mwembamba kiunoni, aghalabu kati ya pingili ya nne na ya tano, kusimama wima huuminya zaidi, kwa kuwa ligamenti ya njano, utepe unaounganisha pingili nyuma ya mfereji, hujikunja kuelekea ndani na diski huvimbia nyuma. Kuinama huivuta ligamenti hiyo na kuipa mishipa ya fahamu nafasi. Ndiyo maana mzee yuleyule asiyemaliza mita hamsini bila kupumzika huweza kuendesha baiskeli hadi sokoni. Kuinama kwake ni nafuu aliyojitafutia mwenyewe, na nafuu haiondolewi kwa skruu. Mfereji ukifunguliwa kwa upasuaji, wagonjwa wengi wa namna hii husimama wima wenyewe, kwa sababu hawana tena wanachokikimbia.

Lakini wapo walioinama kwa sababu nyingine, na hapa ndipo ninapochoka kusikia kwamba mgongo mzuri ni ule ulionyooka kama rula. Kiuno kinapaswa kubonyea, na kiasi cha mbonyeo huo huamuliwa na umbo la fupanyonga. Chora mstari kutoka katikati ya vichwa vya mifupa ya mapaja hadi katikati ya uso wa juu wa sakramu, mfupa ulio chini ya pingili za kiuno, kisha uupime dhidi ya mstari unaokutana na uso huo kwa pembe mraba: pembe unayoipata, ambayo Mfaransa Duval-Beaupère na wenzake waliieleza miaka ya 1990, haibadiliki tena kwa kiasi cha kutajika mtu akishakua. Mwenye digrii 40 hutosheka na mbonyeo mdogo. Mwenye digrii 70 akiwa na mbonyeo huohuo ataangukia mbele, na ili asianguke atalizungusha fupanyonga nyuma na kukunja magoti, akitembea siku nzima kwa misuli iliyochoka. Kwa hiyo migongo miwili yenye ufinyu uleule katika MRI inaweza kuwa na hatima mbili tofauti baada ya upasuaji uleule: wote wawili hupona miguu, ila mmoja hubaki na maumivu ya mgongo, naye husema, kwa haki, kwamba hakuambiwa.

MRI hupigwa mgonjwa akiwa amelala chali, mara nyingi na mto chini ya magoti. Haiwezi kukuonyesha anavyosimama. Naomba, na nitaendelea kuomba, eksirei ya ubavuni ya mgongo mzima, mgonjwa akiwa amesimama, vichwa vya mapaja vikionekana. Timazi ikishushwa kutoka pingili ya saba ya shingo na kupita zaidi ya sentimita 5 mbele ya kona ya nyuma ya sakramu, tuna jambo la kuzungumza kabla ya kisu.

Kuhusu vyuma, yaani skruu za kuunganisha pingili, nitasema kwa ufupi. Jaribio la Uswidi lililochapishwa mwaka 2016, lenye wagonjwa 247 wenye ufinyu wa ngazi moja au mbili, halikuona faida ya kuunganisha pingili juu ya kufungua mfereji peke yake. Ulemavu mkubwa wa umbo ni swali jingine.

Na hapo nakiri nina mashaka. Kanuni ya kwamba mbonyeo usiachane na pembe ya fupanyonga kwa zaidi ya digrii 10 ninaitumia kila siku, lakini mzee wa miaka 78 akirudishwa kwenye umbo la kijana huweza kuvunjika pingili iliyo juu tu ya skruu ya mwisho. Mara kadhaa nimefungua mfereji nikiamini mgonjwa atasimama wima, naye hakusimama. Na nimewahi kupanga vyuma, mgonjwa akaomba tuanze na kidogo, akanyooka bila hivyo.

Mzee wa wiki hii ana pembe ya digrii 48, mbonyeo wa digrii 41, na timazi yake iko sentimita 7 mbele, umbali ambao karibu wote naamini unatokana na kuyakimbia maumivu. Nitamfungulia ngazi moja, bila skruu. Kijana hakuridhika. Baba yake aliniuliza swali moja tu, kama atarudi kulima, nikamweleza kwamba miguu ninaitarajia ipone, na mgongo tutaupima tena akiwa amesimama baada ya miezi mitatu.