Kupumua kwa Kina Hakutoshi

Wiki hii mzazi mwingine ameniambia kwamba binti yake wa miaka 15 "amefundishwa kupumua lakini wasiwasi haujaondoka", akaomba nimpe mbinu yenye nguvu zaidi. Kauli hiyo nimeisikia kwa wazazi na walimu mara nyingi mno, na sasa nimelazimika kuandika. Mafunzo ya stadi za kisaikolojia hayakukusudiwa kuufukuza wasiwasi, bali kumwezesha mwanafunzi kufanya analoliogopa wasiwasi ukiwa ungali naye.

Mambo ya awali nayapita haraka: kijana hufundishwa kutambua dalili za mwili, kuyahoji mawazo yanayomtisha, kupanga ngazi ya hofu, yaani orodha ya anayoyaogopa kuanzia jepesi hadi zito, kisha kuipanda kwa kuyafanya moja baada ya jingine. Kuipanda ndiko kwenye kazi yenyewe, nako ndiko kunakoachwa, kwa sababu kunachukua muda na mara nyingine humliza mtoto mbele ya mtu mzima anayempenda.

Sipingi kwamba kupumua polepole, hasa kwa kurefusha pumzi ya kutoka, hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Linaloniudhi ni kupuuza kile ambacho kijana anajifunza kwa kufanya hivyo. Mwanafunzi anayewasilisha kazi yake mbele ya darasa huku akihesabu pumzi ili asizimie, akamaliza salama, huondoka akiamini kwamba pumzi ndizo zilizomwokoa, na ile imani kwamba angezimia inabaki palepale. Siku pumzi zisipomtuliza, anakuwa na hofu mbili, ya darasa na ya kushindwa kutulia. Vivyo hivyo kwa chupa ya maji isiyotoka mkononi, kiti cha karibu na mlango, na ujumbe kwa mama kila baada ya kipindi. Zote ni tabia za kujikinga, na kila moja huinyima hofu nafasi ya kukanushwa. Hata hiyo hofu ya kuzimia ina jibu ambalo wachache huwaambia vijana: mtu aliyeshikwa na hofu kwa kawaida hupanda shinikizo la damu, ilhali kuzimia huja linaposhuka, isipokuwa kwa baadhi ya wanaoogopa damu na sindano.

Kwa hiyo humtaka kijana aandike kabla ya zoezi anachotarajia kitokee, alifanye zoezi bila kinga yake, kisha tulinganishe alichoandika na kilichotokea. Kwa miaka mingi nilisubiri hofu ipungue kabla ya kufunga zoezi, kama nilivyofundishwa. Mwanasaikolojia Michelle Craske, mtafiti wa hofu na wasiwasi, na wenzake wamenishawishi kwamba cha muhimu zaidi ni matarajio kuvunjika, hata kama moyo bado unadunda.

Wapo wanaosikia haya wakasema dawa ya moto ni moto, wakamsimamisha mtoto mwoga mbele ya shule nzima bila ridhaa yake. Huo ni ukatili, na kijana hutoka hapo na ushahidi mpya kwamba alikuwa sahihi kuogopa.

Matokeo yetu nayo yasipambwe. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, wenye washiriki 488 wa miaka 7 hadi 17, tiba ya utambuzi na tabia, ambayo ndiyo yenye stadi hizi, iliwasaidia vya kutosha takriban asilimia 60, dhidi ya asilimia 24 hivi waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ilipoambatana na dawa, walifika asilimia 81. Maana yake, kwa mafunzo peke yake, wanne katika kila kumi hawakupata nafuu ya kutosha, na katika kikao cha kwanza mimi hushindwa kuwatambua. Shule zinaponiomba niwafundishe wanafunzi wote ukumbini kwa pamoja, nasita pia: nchini Uingereza, jaribio lililoripotiwa mwaka 2022, lenye wanafunzi zaidi ya 8,000, halikuonyesha kwamba masomo ya umakinifu (kuzoeza akili kutulia kwenye kinachotokea sasa bila kukihukumu) kwa madarasa mazima yaliyashinda mafunzo ya kawaida ya kijamii na kihisia.

Mzazi yule alikuwa ameandika barua tatu kumwombea binti asiwasilishe kazi darasani, kwa mapenzi matupu. Tumekubaliana barua zikome. Jumatatu binti atauliza swali moja darasani, chupa ikiwa ndani ya begi, na jioni mama hatamuuliza kama alitulia. Atamuuliza nini kilitokea.